Tulivyomtafutia Tausi Nyumba Morogoro

Kuna wanawake ambao waume zao huwaletea nyumbani mtoto wa nje. Wangu aliniletea farasi.

Usicheke, shosti. Bosi wake, mgeni aliyekuwa anamaliza mkataba na kurudi kwao, alikuwa na farasi jike wa miaka kumi na minne, rangi ya kahawia, jina lake Tausi. Kumsafirisha hadi Ulaya ilikuwa gharama isiyoingia akilini. Mume wangu, ambaye kwa miaka minne alikuwa akienda kumpanda kila Jumapili alfajiri huku mimi nikijua yuko mazoezini, akasema, "Nitabaki naye mimi." Hakuniuliza. Na hilo ndilo lililoniuma. Farasi mwenyewe hakuwa na kosa.

Tausi aliendelea kukaa palepale alipokuwa, nje kidogo ya Dar, na sisi tukawa tunalipa kila mwezi. Chakula, mtunzaji, fundi wa kwato, dawa za minyoo. Jumla yake ilikuwa inakaribia kodi ya nyumba tunayoishi, na wakati huohuo tulikuwa tunachanga kununua kiwanja. Kila nilipotazama salio la benki niliona tofali zetu zikitafunwa. Kisha mwenye eneo akauza. Tukaambiwa tumwondoe Tausi kabla ya mwisho wa mwezi.

Ungekuwa Nairobi wala usingehangaika. Maeneo ya Karen kuna mabanda ya kulipia ya kila aina: unaweza kumwacha farasi wako na kila kitu akafanyiwa, au ukakodi chumba na malisho tu, kazi ukafanya mwenyewe. Huku kwetu mtu ukimtajia farasi anakumbuka Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi, basi, habari imeishia hapo. Kaskazini, pande za Arusha na Moshi, yapo mashamba yenye farasi wa kupandwa na watalii, lakini nani ataenda Moshi kila wikiendi kumsalimia mnyama? Morogoro ilikuwa na sababu zake. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kutoka Dar, Juni 2024, unafika kwa muda usiozidi saa mbili. Na pale kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, chenye madaktari wa mifugo na hospitali ya wanyama.

Tukakubaliana: tunaondoka Ijumaa jioni, tunatafuta Jumamosi nzima. Tukikosa, Tausi anauzwa. Nililisema hilo kwa upole kabisa, na yeyote aliye kwenye ndoa anajua upole wa aina ile una maana gani.

SOMO LA USIKU

Morogoro ina namna yake ya kukupokea. Unashuka kwenye treni, joto bado lipo, lakini ukiinua macho unaiona Uluguru imekaa pale kama ukuta mweusi, na taa chache zimetawanyika ubavuni mwake. Mji uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ila milima nyuma yake inapita mita 2,600. Maji tunayooga Dar kwa sehemu kubwa yanatoka huko: ndiko Mto Ruvu unakoanzia. Niliposimama kwenye baraza ya gesti na kikombe cha chai nilimsamehe mume wangu kwa karibu dakika kumi.

Rafiki yetu mmoja, daktari wa mifugo, alikuja kula nasi chakula cha usiku. Nilitegemea stori za mji. Tukapewa somo. Alianza na panya buku wa pale SUA, wale wa APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, nikadhani usiku utakuwa mwepesi. Kisha akamgeukia mume wangu. "Unajua kwamba farasi hawezi kutapika?"

Mimi sikujua. Ng'ombe akila kibaya ana njia zake. Kwa farasi, kilichoingia kinashuka tu, na kikikwama huko ndani tumbo linasokota hadi anaweza kufa ndani ya siku moja. Kwa hiyo, alisema daktari, ukienda kuangalia banda usianze na rangi ya ukuta. Anza na stoo ya chakula. Chota pumba, nusa. Mahindi yenye ukungu yana sumu ambayo kwa farasi inaharibu ubongo, na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Halafu ulizia nyasi. Hapa wengi watakuonyesha matete kwa fahari, na kwa ng'ombe wa maziwa ni chakula safi, lakini matete na baadhi ya majani yetu ya joto yana kitu kinachofunga madini ya chokaa yasimfikie farasi mwilini. Ukichanganya na pumba nyingi kila siku, miezi ikipita mifupa yake inalainika, uso unavimba. Anatakiwa apate nyasi kavu za aina mbalimbali na nyongeza ya chokaa, na kwa mwili wa Tausi, wa kama kilo 450, ni kilo tisa hivi za chakula kikavu kwa siku. Maji ndoo mbili kubwa, na siku ya joto zaidi.

Kisha wadudu. Mbung'o wapo pande za Mikumi, na ugonjwa wao, nagana, unamkondesha farasi mpaka anaanguka. Pundamilia wao wanapita tu. Kibaya kuliko mbung'o ni usubi, vile vijidudu vidogo vya jioni karibu na maji, vinavyobeba homa ya farasi ya Afrika. Ikimpata farasi asiye na kinga, mara nyingi hapati hata nafasi ya kutibiwa. Hivyo kabla ya magharibi awe ndani, dirisha liwe na wavu mwembamba, na banda lisiwe bondeni kwenye madimbwi. Chanjo ipo, aliyeijaribu kwa uzito zaidi ni Afrika Kusini, lakini chanjo haikuondolei wavu.

"Hii ndiyo sababu Stanley alifika huku kwa miguu," akasema daktari, akicheka. Mwaka 1871 yule mwandishi wa gazeti alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Hawakufika hata hapa Morogoro, ambapo enzi hizo palikuwa na mji wenye kuta ulioitwa Simbamweni. Wote walikufa Kingaru, njiani. Alipompasua wa kwanza alikuta tumbo limejaa minyoo. Akamzika jirani na kambi, na mkuu wa kijiji akaja kudai faini ya vitambaa kwa sababu mnyama amezikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamjibu kwamba basi atamfukua amwache juu. Mzee akabadili mawazo haraka sana.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa anaandika kila kitu kwenye simu.

BANDA LENYE VIGAE

Mahali pa kwanza palikuwa nje ya mji upande wa barabara ya Dar. Sitapataja. Tulipoingia, mimi ndiye niliyependa zaidi. Ukuta mweupe, vigae sakafuni, maua, hata vioo. Mwenye eneo alituonyesha sehemu ya kukaa wageni, sehemu ya kupiga picha za harusi, menyu. Nikasema moyoni, hapa hata mimi ningelala.

Mume wangu akaomba kuona stoo. Mhudumu akasita. Magunia ya pumba yalikuwa yamelazwa moja kwa moja kwenye sakafu, la chini limelowa, na harufu yake ilikuwa ile ya kanga iliyosahaulika kwenye beseni. Uzio ulikuwa wa seng'enge. Farasi akishtuka anakimbia kwanza na kufikiri baadaye. Waya wa miba unamchana kama kisu. Na vigae vile vizuri, vikimwagiwa maji, ni utelezi mtupu kwa kwato.

Nilichokiona mimi mwenyewe, bila kufundishwa, ni kwamba hapakuwa na mnyama mwingine yeyote. Farasi ni wa kundi. Akiachwa peke yake anaanza kutafuna mbao, kuyumbayumba mlangoni siku nzima. Nilimuuliza mhudumu nani atakaa na Tausi. Akaniambia, "Mlinzi."

Bei yao ilikuwa mara mbili ya Dar.

JUU KWENYE UBARIDI

Ilipofika saa tano tulikuwa tunapanda kuelekea Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani. Kuna mtu alituambia huko juu usubi ni wachache, na wazo lenyewe lilikuwa zuri. Njia nayo ilikuwa nzuri kuliko wazo. Unapita migomba, mashamba ya mboga yaliyobandikwa kwenye mteremko kama viraka, akina mama wanashuka na matenga ya karoti na stroberi kichwani kwa mwendo ambao mimi na viatu vyangu vya mpira tuliuonea aibu. Maporomoko ya maji yanasikika kabla hujayaona. Chini mji unakuwa mdogo, Bwawa la Mindu linang'aa kwa mbali. Tulishikana mikono kwa mara ya kwanza tangu Tausi aingie kwenye maisha yetu.

Lakini huko juu hapana farasi. Kijana tuliyemkuta alituonyesha eneo, akaona tunavyolitazama, akacheka mwenyewe. Kila kipande cha ardhi tambarare kimelimwa, na kisicholimwa kimesimama wima. Ungemfungia wapi? Na nani angekubali mnyama wa kilo 450 akanyage mboga zake zilizosubiriwa mvua? Tulinunua stroberi, tukashuka. Mume wangu alinyamaza njia nzima. Nilijua anahesabu: imebaki sehemu moja.

BIGWA

Sehemu ya tatu tulipewa na dereva wa bajaji, si daktari wala mtandao. Alisema upande wa Bigwa, chini ya mlima, yupo mama mwenye ng'ombe wa maziwa na punda, na kwamba aliwahi kukaa na farasi wa Wazungu miaka ya nyuma.

Tulimkuta mwanamume wa makamo akikata nyasi. Mume wangu akaanza kujieleza kirefu, malipo, mkataba, miezi mitatu mbele. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi ni mdogo wake. Shamba ni la dada." Hapo nikakumbuka kwamba tuko Uluguru: kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi nayo. Mume wangu alikuwa amezungumza robo saa na mtu asiyehusika.

Mama alitoka ndani akijifuta mikono. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni." Alitukalisha kwenye mkeka, akanitazama mimi. "Farasi ni wa nani?"

Mume wangu akajibu, "Wangu."

"Sikukuuliza wewe, baba. Namuuliza mwenzio."

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema ni wake. Nilitaka kusema hata sikuulizwa. Nikasema, "Ni wetu, mama, lakini bado sijamzoea."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimepita mtihani, kisha akatuuliza maswali ambayo mabanda yenye vigae hayakuuliza. Ana miaka mingapi? Meno yakoje? Aliugua lini mara ya mwisho? Anamwogopa nani? Akianza kugaragara saa nane usiku na simu ya baba haipatikani, nipige ya nani? Daktari akisema hatapona, nani kati yenu ataniruhusu? Hilo la mwisho lilitukuta hatujalizungumza. Tulijadiliana palepale mbele yake, kwa sauti ya chini, na nilimwona mume wangu macho yakilowa. Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kumwona hivyo hata kwenye msiba.

Banda lake ni la mabanzi na bati, sakafu ya udongo ulioshindiliwa, pumba za mbao juu yake. Magunia yako kwenye chaga. Uzio ni wa fito na katani. Dirisha halikuwa na wavu. Hilo tukalisema, akakubali tuweke kwa gharama yetu. Matete anayo, kwa ng'ombe. Nyasi kavu tungenunua kwingine na chokaa tungeleta sisi. Punda wawili walikuwa wamesimama kivulini, mmoja akaja kunusa mkoba wangu.

Bei ilikuwa chini ya ile ya Dar, ingawa si sana. Ukiongeza nyasi, wavu, fundi wa kwato wa kila baada ya wiki sita hadi nane na nauli zetu, karibu zinalingana. Kiwanja bado kinasogea mbele, nisikudanganye. Tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja kwenye daftari la shule: malipo, chakula, saa ya kumwingiza ndani, nani anaitwa. Namba ya kwanza ya simu ni yangu. Mama ndiye aliyetaka hivyo, akasema wanaume wakilala wamelala.

Tausi alisafirishwa kwa lori usiku wa Jumatano, kukwepa joto. Siku ya kumi, saa tisa na robo usiku, simu yangu iliita. Alikuwa amegoma kula na anajitazama ubavu. Mama alikuwa ameshamtoa nje, anamtembeza, na daktari yuko njiani. Nilimwamsha mume wangu. Tulikaa sakafuni sebuleni, simu katikati yetu imewekwa sauti, tukisikiliza kwato zikizunguka kwenye uwanja wa Bigwa na mama akimwongelesha kwa Kiluguru. Saa kumi na moja kasoro akasema, "Amekunya." Tukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi iliyofuata mimi ndiye niliyekata tiketi.