Alinunua Fimbo za Gofu za Mamilioni, Mama Mstaafu Akampita kwa Yadi 20

Jumamosi saa moja asubuhi, kwenye uwanja mmoja wa gofu jijini Dar, lilisimama gari jeusi lenye vioo vya tinti. Akashuka jamaa ambaye jina lake halitatajwa hapa, ila ukiwasha redio sasa hivi kuna uwezekano mkubwa ukakutana na sauti yake. Kofia mpya, raba mpya, glavu mpya mkono wa kushoto. Kila kitu kipya kasoro swingi.

Begi lake lilibebwa na dogo mmoja, kedi, miaka 23, anayeujua ule uwanja kuliko anavyoijua sebule ya kwao. Ndani ya begi kulikuwa na seti nzima kutoka Dubai, bado inanukia plastiki. Draiva yenyewe, ile fimbo kubwa ya kuanzia shimo, ilikuwa imeandikwa herufi moja tu kwenye mti wake: X.

Kedi alivyoiona ile X alinyamaza. Hapo ndipo stori inapoanzia.

Kwa mdau ambaye gofu anaiona tu kwenye stori za mastaa Instagram, iko hivi. Fimbo ya gofu ina kichwa, ina sehemu ya kushikia, na katikati kuna ule mti mrefu unaoitwa shafti. Zamani ulikuwa mti kweli, wa hickory, ikaja chuma, siku hizi draiva karibu zote ni grafaiti. Ukiizungusha fimbo kwa kasi shafti inapinda, halafu inajinyoosha kabla kichwa hakijafika kwenye mpira. Jinsi inavyopinda kwa urahisi au kwa ugumu ndiyo wanaita fleksi. L ndiyo laini kabisa na mara nyingi huwekwa kwa wanawake, A inafuata na wengi huiita ya wazee, R ni ya kawaida, S ni ngumu, X ni ngumu kupitiliza.

Sasa hizo herufi si vyeo. Watu wengi hapo ndipo wanapopotea, hasa wanaume. Mtu anaona A anaambiwa ni ya wazee, anaona L anaambiwa ya wanawake, anaruka zote anaenda kununua X kama anayechagua injini ya gari. Wakati kinachotakiwa ni swali moja: kichwa cha fimbo yako kinatembea kwa kasi gani kinapogonga mpira?

Kwa draiva, makadirio ambayo wauzaji wengi wanatumia ni haya. Chini ya maili 75 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 120, unafaa L. Kati ya 75 na 85, A. Kati ya 85 na 95, R. Kutoka 95 mpaka 105 hivi, S. Ukizidi hapo ndiyo unaanza kuongelea X. Wale wachezaji wa kulipwa wanaume unaowaona kwenye TV, wa PGA Tour ya Marekani, wastani wao unazidi maili 110. Wanawake wa LPGA wapo kwenye 94 hivi, na wanampiga mbali mwanaume yeyote wa mtaani kwako.

Msanii alinunuaje X? Kwa maelezo yake mwenyewe siku anapiga stori na washkaji, muuzaji alimwangalia mikono akamuuliza, "Unapiga gym?" Akajibu ndiyo. Basi. Akapewa X.

Na kweli gym anapiga, kifua kile si cha filta. Ila kifua si kasi. Kasi ya swingi inatoka kwenye miguu na kiuno kutangulia, mikono kufuata, na kifundo cha mkono kuachia kwa wakati. Unaweza kumkuta bondia ana maili 80 na kijana mwembamba wa kupeleka maji kwa bodaboda ana 110.

Basi siku ya kwanza mpira ukatoka chini chini, ukakata kulia, ukaingia kwenye majani. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ukagonga mti. Ndivyo inavyokuwa shafti ikikuzidi ugumu na unapigia mkono wa kulia: huna kasi ya kuipinda, kichwa kinachelewa kujifunga, mpira hauinuki, unakimbilia kulia na umbali unapotea. Mkononi unahisi kama umepiga ukuta kwa ubao. Msanii akasema uwanja una upepo.

Kedi alijua. Wangapi wangesema? Kedi aliyekuwepo kabla yake alisema, tena kwa heshima, "Bosi, labda ujaribu fimbo laini kidogo." Akajibiwa, "Unaniona mimi demu?" Wiki iliyofuata akapigiwa simu asije. Kwa msanii huyu raundi moja ya mashimo 18 ni 30,000, mara mbili kwa wiki, na dogo analipa chumba na kumsaidia mdogo wake wa kidato cha pili. Kwa hiyo alikuwa anasema, "Bahati mbaya bosi," anaenda kutafuta mpira majanini.

Lakini naye ana lake. Jioni wanachama wakiondoka, makedi wanaruhusiwa kupiga mashimo machache. Dogo ana draiva moja kuukuu aliyoachiwa na mzungu aliyekuwa anahama nchi, shafti yake R, imechoka. Na yeye ni mwepesi vibaya mno. Akiachia, mpira unapanda juu sana halafu unapinda kushoto kama una hasira. Mwaka jana aliingia mchujo wa kutafuta kucheza gofu ya kulipwa. Alikuwa vizuri mpaka shimo la 16. La 16 mpira ukaenda kushoto nje ya mipaka, la 17 tena kushoto nje. Alirudi nyumbani kwa daladala, begi kwenye mapaja, hakuongea na mtu siku mbili. Aliamini kichwa chake ndicho kilichoshindwa presha.

Yaani angalieni hiyo. Mmoja anabeba fimbo inayomzidi, mwingine anacheza na iliyomzidiwa, na wote wawili wanatembea bega kwa bega kila Jumamosi.

Aliyeivunja ile hali ni mama mmoja. Mstaafu, benki, miaka sitini na kitu, anacheza na kofia pana na chupa ya maji ya tangawizi. Siku moja kikundi chao kilipungua mtu, akaungana na msanii na rafiki yake mmoja ambaye naye ni staa wa vichekesho. Hao wawili walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya hisani, na walishabishana hadharani kwamba atakayeshindwa atamlipia mwenzake bajeti ya video. Si hela ndogo hiyo, wenye kazi zao wanajua.

Mama akasimama kwenye tii, akapiga taratibu kama anafagia uwanja. Mpira ukanyooka katikati, kama yadi 165. Msanii akakaza taya, akazungusha kwa nguvu zote. Chini, kulia. Ulipotafutwa ukakutwa nyuma ya mpira wa mama kwa yadi 20 hivi. Mchekeshaji akatoa simu akaanza kurekodi, akicheka mpaka akakaa chini.

Mama hakucheka. Aliiomba ile draiva, akaitikisa, akaangalia herufi.

"Mwanangu, hii fimbo nani kakuchagulia?"

"Dukani, mama."

"Walikupima?"

Kimya.

"Mimi natumia L. Nikitumia hiyo yako mpira wangu haufiki hata kwenye ule mnazi. Muulize huyu kijana wako, anajua huyo. Si unajua wewe?"

Kedi akaangalia viatu vyake. Msanii akamgeukia. "Dogo, unajua?"

"Shikamoo mama," ndicho alichoweza kusema kwanza, japo alishamwamkia asubuhi. Halafu akasema, "Bosi, tukapime tu. Mashine haimwonei mtu."

Hiyo sentensi ilikuwa na akili sana. Hakusema bosi una swingi ya polepole. Alisema mashine.

Wiki hiyo kuna kocha alikuwa na rada ndogo, ya kuweka chini nyuma ya mpira, inasoma kasi ya fimbo na umbali. Msanii akapiga mipira kumi. Kocha akaifuta mitatu iliyokuwa mibaya sana, akachukua wastani: maili 86. Hiyo ni R, tena ya upande wa chini. Kocha akampa draiva ya kujaribia, R yenye shafti nyepesi ya gramu 50 na kitu (ile ya Dubai ilikuwa 70 na kitu, na uzito nao unachosha mkono bila wewe kujua). Mpira wa tatu ukapanda, ukakaa angani, ukatua mbele ya alama ya 190. Msanii alikaa kimya muda mrefu kidogo kwa mtu wa aina yake.

Kocha alimpa na angalizo ambalo wanunuzi wa mtandaoni wanatakiwa kulisikia: hizo herufi hazina kipimo kimoja duniani. R ya kampuni hii inaweza kuwa ngumu sawa na S ya kampuni ile. Na watu wawili wenye kasi ileile wanaweza kuhitaji tofauti, kwa sababu mmoja anashusha fimbo kwa kushtua na mwingine kwa ulaini. Anayeshtua huhitaji ugumu zaidi. Kama huna rada karibu, angalia draiva yako inaruka yadi ngapi kabla ya kugusa chini, siku ya kawaida, si ile moja ya bahati unayosimulia kila siku. Ikiwa kati ya 200 na 240 anzia R. Ukishapita 240 ndiyo uulize S. Chini ya 200 jaribu A, na aibu iache nyumbani.

Halafu msanii, kwa kutania, akasema, "Dogo na wewe piga."

Dogo akachukua ile X ya Dubai, kwa mara ya kwanza. Maili 109. Mpira ukatoka kama umerushwa na manati, haukupinda kushoto hata kidogo, rada ikasoma yadi 256. Akapiga mwingine, 258. Kocha akamuuliza anachezea fimbo gani siku zote, akajibu, kocha akashika kichwa. Dogo akabaki ameishika ile draiva. Shimo la 16, shimo la 17. Kumbe.

Msanii akaagiza draiva mpya ya R. Angeweza kubadili shafti tu, maana draiva za kisasa unafungua kwa kifunguo kidogo unachomeka nyingine, kichwa kinabaki kilekile. Hakutaka. Alitaka mpya. Dogo akajikaza akamwomba amuuzie ile ya zamani. Kununua shafti peke yake kusingesaidia, ya kampuni hii haichomeki kwenye kichwa chake cha kampuni nyingine. Wakakubaliana laki tisa, akatwe 15,000 kila raundi. Raundi 60. Na mpaka amalize, draiva inakaa kwenye buti la gari la msanii, dogo anaigusa akimaliza kubeba begi.

Mashindano ya hisani yakaja, msanii akamaliza wa tatu kutoka mwisho, ila mchekeshaji alimaliza wa mwisho, kwa hiyo video ikalipiwa. Usiku ule ikapanda posti: picha ya dogo ameshika draiva, msanii kamwekea mkono begani, maneno yakisema amemzawadia kijana wake fimbo ili atimize ndoto. Mioyo kila kona. "Mungu akuzidishie." "Huyu ndo msanii wa watu." Hapo dogo alikuwa amekatwa raundi nne.

Hakusema kitu. Angesema wapi? Mama alipokutana naye Jumanne akampongeza, "Nimeona, bosi wako ana moyo," naye akajibu, "Asante mama," akaendelea kuosha fimbo. Mama akamwangalia tena, akaondoka.

Raundi ya 14, tangazo la mchujo likabandikwa ubaoni. Wiki tatu. Dogo akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena, akatuma usiku wa manane: "Bosi samahani kwa usumbufu, naomba kwenda na draiva kwenye mchujo, nitairudisha siku hiyohiyo."

Tiki za bluu. Kimya mpaka saa nne asubuhi.

"Dogo si nilishakupa hiyo? Njoo uchukue kwa dereva."

Aliusoma mara nyingi. Akamwonesha mwenzake, mwenzake akasema, hapo deni limekufa kaka, kashakwambia kakupa. Dereva akampa draiva kweli, na kifuniko chake. Alitembea nayo mpaka uwanjani badala ya kupanda boda.

Jumamosi wakacheza mashimo 18 kama kawaida. Msanii alikuwa na furaha, alipiga 200 mara mbili. Jioni simu ya dogo ikaita mlio wa ujumbe, pesa ya raundi imeingia.

15,000.