Umeme Huu Una Milango Miwili

Toronto, mwezi wa tano

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa mezani jikoni. Masanduku yangu mawili yako mlangoni, na tiketi ya kurudi Tanga imo mfukoni mwa koti zito ambalo, inshallah, sitalivaa tena.

Nyumba nimekukabidhi. Hati umetia saini, funguo unazo, na mengi umeshaniuliza: maji yanafungwa wapi, takataka hutolewa siku gani, jirani yupi wa kumwamini. Kitu kimoja hukuniuliza, nacho ndicho kilichonishikisha kalamu. Ni lile sanduku la kijivu kule besimenti, pembeni mwa hita ya gesi, lenye betri mbili chini yake. Ni inveta. Iko siku utataka kuizima kabisa. Nakuusia jinsi ya kuizima, kwa sababu mimi, mtoto wa Ngamiani kule Tanga, niliyeanza kushika spana Barabara ya 12 kabla mama yako hajaolewa, nilidhani nayajua hayo, na nusura yanizike.

Kwanza ujue kilichonifanya niinunue. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2013 ilinyesha hapa mvua ambayo kwetu haina jina. Inashuka ikiwa maji, na ikigusa kitu tu inakuwa barafu. Kulipokucha kila tawi lilikuwa limevishwa kioo. Uzuri wake ulikuwa wa kutisha. Matawi yakaelemewa, yakakatika, yakaangukia nyaya, na wateja wapatao 300,000 wa jiji hili wakabaki bila umeme, wengine kwa zaidi ya wiki. Sisi ilitupata siku tatu. Gesi ilikuwamo bombani na hita ilikuwa nzima, lakini tulilala watu watano chumba kimoja, na makoti mwilini.

Maana hita ya gesi bila umeme ni jiko lenye kuni lisilo na kiberiti wala mpishi. Umeme ndio unaozungusha feni ya kutoa moshi, ndio unaochoma kile kijiti cha kuwashia mpaka kiwe chekundu, ndio unaofungua vali ya gesi, na ndio unaosukuma hewa ya moto ipande vyumbani. Ukikatika, gesi haifunguki, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwaka uliofuata nikaifunga inveta, mkaguzi akaja akaipitisha. Umeme wa gridi ukiwepo, inaupitisha kwenda kwenye hita na papo hapo inachaji betri. Ukikatika, inageuza umeme wa betri kuwa wa volti 120, na hita haina habari kwamba jiji liko gizani.

Usiitarajie miujiza. Betri zetu ni mbili za volti 12, kila moja ya ampia-saa 100. Kwa hesabu ni wati-saa 2,400, lakini betri za risasi hazipendi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo shika 1,200. Hita yetu ikiwaka hula kama wati 500, na usiku wa baridi ya kawaida huwaka nusu ya kila saa. Ukitoa na kinachopotea njiani, una saa nne. Saa nne zinatosha kuwavusha watoto mpaka mafundi wafike, au mpaka uamue kuwapeleka kwingine.

Sasa nije kwenye kisa changu. Oktoba 2015 nilishuka kuisafisha hita kabla ya baridi. Nikaenda kwenye ubao wa umeme, nikashusha breka. Nikachukua tochi, nikafungua kifuniko cha hita, nikapiga magoti. Nyuma yangu kulikuwa na kitu kinalia: ti, ti, ti. Nikajisemea, hiyo ni kengele ya moshi inaomba betri mpya, nitaishughulikia baadaye. Nikaingiza vidole kuchomoa waya wa feni. Umeme ukanikamata kiganjani ukapanda mpaka begani, mkono ukaruka, kiwiko kikagonga bati, spana ikalia sakafuni. Nikakaa pale chini, mdomo una ladha ya chuma, moyo unakwenda mbio kama wa mwizi. Na ule mlio bado: ti, ti, ti. Inveta ilikuwa ikiniarifu tangu mwanzo kwamba gridi imekatika, yeye ameshika zamu.

Haikukosea hata chembe. Nilipokata gridi, kufumba na kufumbua ikafanya kazi niliyoinunulia. Mwenye kosa ni mimi niliyefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili, nikadhani nimefunga nyumba.

Na kuna anayekosea kwa upande wa pili. Yeye hubonyeza kitufe cha inveta, skrini ikazimika, akaridhika. Lakini mashine kama hii yetu, ikizimwa kwa kitufe huku breka iko juu, huendelea kuuacha umeme wa gridi upite tumboni mwake mpaka kwenye hita, kama mto upitavyo chini ya daraja lisilo na mtu. Skrini haina uhai, waya una moto. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, kuzima si kubonyeza. Kuzima ni kufunga kila mlango umeme unapoingilia, kisha kuhakikisha kwa mkono wako kwamba ndani hakuna kitu.

Utaratibu ni huu, usiupindue.

La kwanza, mtue mzigo anayeubeba. Shusha themostati, subiri feni ya hita imalize kupoza chuma cha ndani na isimame yenyewe, kisha zima swichi ya hita iliyo ukutani karibu na ngazi. Ukikata umeme hita ikiwa inaunguruma, joto hunasa ndani na kukiumiza chuma.

La pili, bonyeza kitufe cha inveta na ukishikilie mpaka skrini ife na feni yake ndogo inyamaze.

La tatu, nenda kwenye ubao ushushe breka ya inveta. Nimeibandika karatasi ya njano. Kisha simama usikilize. Ikilia ti, ti, ti, ujue haikuzimika hatua ya pili, imehamia kwenye betri. Rudi ukaizime tena. Mimi ule mlio niliudharau, nawe umeona ulinifanya nini.

La nne, zungusha swichi kubwa nyekundu iliyo kati ya betri na inveta. Ikiwa unataka kuziondoa betri zenyewe, vua pete na bangili, kisha fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Siku ya kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, betri hizi zinaweza kuiyeyusha ncha yake, na mkono wako uko hapo hapo.

La tano, subiri. Ndani ya inveta mna kapasita, nazo hubaki na umeme baada ya kila kitu kukatwa. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja. Taa itamweka kidogo kisha ife, na hayo ndiyo mabaki yakitoka. Hata hivyo subiri muda uliotajwa kwenye kitabu chake, kilicho kwenye mfuko wa plastiki juu ya rafu. Tena kifuniko cha inveta yenyewe si chako kukifungua. Mwachie fundi wake.

La sita ndilo wengi wanaloliruka. Chukua mita yangu, ile yenye mkanda mweusi. Ipime kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, uone karibu na 120. Kisha ndiyo upime nyaya za hita: uone sifuri kati ya moto na nyutro, sifuri kati ya moto na ethi, sifuri kati ya nyutro na ethi. Halafu rudi kwenye ile soketi ya kwanza uipime tena. Usinione mzee wa wasiwasi. Mita mbovu huweza kusema sifuri kila mahali, na sifuri ya uongo imeua mafundi. Unaipima mita kabla na baada, ndipo ushahidi wake ukubalike.

La saba, andika karatasi, "Usiwashe, kuna mtu anafanya kazi," jina lako na tarehe, uifunge kwenye breka na kwenye ile swichi nyekundu. Nyumba ina watoto, na mtoto akikuta Wi-Fi imekatika hupandisha kila breka anayoiona.

Fundi wa hita akija kila mwaka, usimwache ashuke peke yake. Mwambie mlangoni, kabla hajavua viatu: "Hita hii ina umeme wa pande mbili." Yeye amezoea nyumba za mlango mmoja. Asipoelezwa, kosa litakuwa letu. Na akimaliza, mwombe akaze tena waya wa ethi. Hita huutambua moto wake kwa mkondo mdogo mno unaopita kwenye mwali na kurudi kwa njia hiyo ya ethi. Ukilegea, itadhani moto umezimika na itafunga gesi, hasa inapotumia betri, na utahangaika usiku kucha ukitafuta ubovu usiokuwepo.

Uchague pia wakati. Kazi ya kuzima ni ya kuanzia Mei mpaka Septemba. Januari baridi ya usiku hapa hushuka mara nyingi nyuzi 7 chini ya sifuri na kuzidi. Nyumba isiyo na joto mabomba yake huganda, na maji yakiganda hutanuka, bomba likapasuka. Ikibidi kuzima katikati ya baridi, iwe mchana, fundi yupo, na kwa saa chache tu.

Usije ukashawishika pia kuleta jenereta ndani kwa sababu betri zina saa nne tu. Hata gereji yenye mlango wazi ni ndani. Ule moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na dhoruba za hapa huwa na watu waliolala ndani ya hewa hiyo wasiamke. Kengele ya hewa hiyo iko nje ya vyumba vya kulala. Ijaribu kila mwezi.

Sasa kuhusu akiba. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kumiliki betri. Mwaka niliokwenda Tanga kwenye arobaini ya bibi yako nikakaa miezi saba, nilizima kila kitu kwa utaratibu huo niliokuandikia, nikajipongeza. Nilirudi nikakuta betri zote mbili zimekufa. Moja haikukubali chaji hata kidogo. Betri ya risasi hata ikikatwa kila waya huvuja yenyewe polepole, na ikikaa tupu, mawe ya salfeti huota juu ya bamba zake na kuziziba. Tena iliyokwisha chaji huganda kwenye baridi ya nyuzi 7 hivi chini ya sifuri na kupasuka, ilhali iliyojaa huvumilia baridi mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukiitoa kazini, usiiweke bandani nje, na kila miezi mitatu ichaji ijae, uiandike tarehe ubavuni.

Mwanangu, nimeandika kurasa hizi zote za sanduku la kijivu, na nikizisoma tena naona nimejiandika mwenyewe. Miaka thelathini nimekuwa inveta ya ukoo wetu. Ada ikikatika Tanga, nawaka mimi. Mgonjwa akilazwa, bati likiezuliwa, harusi ikipungukiwa, nyumba haijui kama kuna giza kwa sababu nimeshashika zamu. Sijutii. Lakini nina miaka 74, na nawaomba mnizime ipasavyo, si nusu. Msinifanyie sherehe ya kustaafu mchana, usiku mkanipigia kuuliza nani atalipa. Ada ya watoto wa Pongwe umeichukua wewe. Deni la shamba nimelimaliza. Karatasi zake zimo kwenye bahasha ya kaki, chini ya kitabu cha inveta. Waambie ndugu zako mlango wangu wa pili pia umefungwa. Wapime kwa mita, wataona sifuri.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wanao, aipe nyumba hii joto na amani, na atukutanishe kwa kheri. Usiniwekee huzuni. Ila kumbuka nilivyokwambia kuhusu betri iliyotolewa kazini: kila miezi mitatu, hata kama hakuna shida yoyote, piga simu.

Ni mimi,
Mjomba wako