Shamba la Mwisho la Falaji



Idi ya mwaka 2014 ilitukuta Ibra kwa jamaa. Baada ya chakula kijana mmoja akatia diski ya filamu ya Kiswahili, aliyoinunua dukani kwa baisa mia tano. Filamu yenyewe ilikuwa ya mpwa wetu wa Dar es Salaam. Tuliitazama watu kumi na mbili, tukacheka, tukajivuna, kisha tukampigia simu kumpongeza. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mjomba, huko mmeipata wapi? Mbona Oman sijauza?"

Tukaigeuza ile diski. Haikuwa na stempu ya kodi ambayo Tanzania ilianza kuibandika kwenye filamu na muziki mwaka 2013. Ilikuwa nakala ya nakala. Sheria ipo: Tanzania iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1994 na Oman mwaka 1999, kwa hiyo kazi ya Mtanzania inalindwa hata Ibra. Lakini sheria hungoja mshtaki, na wanunuzi tulikuwa sisi wenyewe.

Tena wizi ule haukuwa hata nusu ya msiba. Mpwa alikuwa amemkabidhi msambazaji mmoja haki za "nchi zote za nje", bila ya kikomo cha muda. Taarifa aliyoletewa ilikuwa na mistari mitatu: mapato, gharama, salio. Salio sifuri. Hakuna nchi, hakuna tarehe, hakuna risiti. Na fedha za kutengenezea filamu zilitokana na kiwanja cha mama yake, dada yetu, kilichowekwa rehani.

Kazi yetu sisi ni vipimo. Huku Qalhat, karibu na Sur, meli ya gesi haing'oi nanga mpaka shehena ipimwe na pande zote mbili zitie saini. Na kule Nizwa wazee hawakusomea uhandisi Uingereza kama sisi, lakini maji ya falaji huyagawa kwa zamu za saa, na kila mwenye shamba anaijua zamu yake. Fedha za filamu nazo ni falaji: mwenye sinema hunywa kwanza, kisha msambazaji na ada yake, kisha gharama za matangazo. Mtengenezaji ndiye shamba la mwisho. Asipoliona daftari, ataambiwa maji yamekauka njiani.

Basi wenye watoto katika kazi hii, waambieni: mkataba utaje nchi, lugha, njia ya kuonyeshea na idadi ya miaka. Gharama ziwekewe ukomo. Taarifa ije kila miezi mitatu, pamoja na haki ya kumpeleka mhasibu wako akague vitabu. Wakubwa wa kazi hii huweka akaunti ya ukusanyaji kwa mtu wa tatu, anayemlipa kila mmoja fungu lake moja kwa moja. Na YouTube wana mfumo wa Content ID, unaotambua nakala na kumwezesha mwenye haki aliyesajiliwa humo kuizuia au kuchukua mapato ya matangazo yake.

Siku ile tulichanga riali kidogo tukataka kumtumia mpwa. Akatujibu: "Ahsante mjomba, lakini sadaka sikuomba. Nataka hesabu."

Kiwanja hatimaye kilikombolewa na ukoo, si na filamu. Ile diski tunayo mpaka leo. Hatujathubutu kuitazama tena. Nanyi mkialikwa kutazama filamu ya nyumbani, mulizeni mwenyeji kwanza ameinunua kwa nani.

Wasalaam.