Bakuli la Juu ya Kabati

Kabati la Bibi lina milango miwili ya kioo, na ufunguo wake hulala chini ya mto wake. Nyumba iko Ngamiani, Tanga, katika moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ukiingia sebuleni, kabati ndilo la kwanza kukupokea. Ndani mna mrashi wa fedha ulioanza kuwa mweusi shingoni, deli la shaba, chetezo, vikombe 11 vya kahawa (cha 12 nilikivunja mimi nikiwa darasa la tatu), saa ya mkononi ya Babu iliyosimama saa nne na dakika kumi, na redio ya National iliyonyamaza kabla sijazaliwa. Kila kitu kimekalia kitambaa alichokifuma Bibi mwenyewe.

Juu ya kabati, nje ya kioo, peke yake, liko bakuli.

Ni jeupe, la kutosha wali wa watu watatu, lina maua mekundu na majani ya kijani kuzunguka ukingo. Lina ufa unaoanzia mdomoni na kushuka hadi karibu na kitako. Tangu nipate akili nimesikia kwamba ni kaure ya Mchina, na kwamba babu wa mababu zetu, nahodha, alikuja nalo kwa jahazi. Msimulizi wa habari hiyo ni Shangazi. Mgeni akiinua tu macho, Shangazi ameshaanza: "Hilo la kale hilo. Lilitoka China." Kila mara hapo Bibi hukumbuka kitu jikoni, akanyanyuka.

Mwaka jana, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza shahada ya uzamili Dar es Salaam, tulipelekwa kuona magofu ya Kunduchi. Pale kuna makaburi ya nguzo, na nguzo hizo zilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China vilivyopachikwa kwenye chokaa. Desturi hiyo ilienea pwani yetu. Katika makaburi mengi vyombo vimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Mwalimu alitukumbusha pia zidaka za nyumba za mawe za Lamu na Pate, safu juu ya safu ukutani, ambamo kaure iliwekwa ionekane. Chombo kilichovuka bahari kilimsemea mwenye nyumba: huyu ana biashara, ana ukoo, ni muungwana.

Kisha tukapewa kazi. Kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani kwao, akiandikie kadi ya maelezo kama zile za makumbusho, isizidi maneno 60. Wenzangu waliumiza vichwa. Mimi, moyoni, nilikuwa nimeshamaliza.

Nilifika Tanga siku tatu kabla ya Idi. Siku hizo kabati hufunguliwa na vyombo vyote vikaoshwa. Bakuli huliosha Bibi kwa mkono wake, hamwachii mtu. Safari hii vidole vilikuwa vinamuuma, akanipa mimi. "Taratibu, mke mwenzangu," akaniambia.

Nililikalisha kwenye beseni, nikaligeuza. Kitakoni palikuwa na muhuri. Mnyama amelala kama simba, kichwa chake cha mtu. Chini yake maneno yaliyofifia, nikaweza kusoma mawili: Maastricht, Holland.

Nililiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kaure nyembamba hupitisha mwanga, ukiweka kidole nyuma unakiona kivuli chake. Bakuli letu halikupitisha kitu. Lilikuwa udongo wa kawaida, uliochomwa viwandani na kung'arishwa. Usiku ule nilisoma kwenye simu hadi chaji ikakata. Petrus Regout alianzisha viwanda vyake Maastricht, Uholanzi, katika miaka ya 1830, na vyombo vya mji ule viliuzwa mbali sana, pamoja na huku kwetu Afrika Mashariki. Havikuwa vyombo vya wafalme. Viliuzwa madukani, watu wakalia chakula.

Asubuhi nilimwambia Bibi kwamba bakuli halikutoka China.

"Nani alisema lilitoka China?"

"Shangazi."

"Basi muulize Shangazi." Akaendelea kuchambua mchele.

Lakini baada ya tarawehe aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, miguu chini. Hakunitazama usoni alipokuwa akisema, alitazama mlango.

Bakuli lilikuwa la bibi yake, akasema. Bibi yake alikulia Pangani, katika nyumba ya watu. Nikauliza, jamaa zake? Akasema, watu. Alifika pale mdogo, hajui kwao, anakumbuka mto tu na mbuzi mweupe. Alipewa jina jipya, akapewa kazi ya vyombo. Bibi akatafuta neno, akalitoa polepole, kana kwamba lilikuwa na ncha: mjakazi.

Nimesoma habari za Pangani. Najua kwamba katika karne ya 19 bonde la mto ule lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Najua kwamba Wajerumani walipoitawala nchi hawakuufuta utumwa. Walitoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Nilikuwa nimeyaandika haya kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba ile tarehe ya Desemba ilipita katikati ya nyumba yetu: mama yake Bibi alizaliwa upande huu wa tarehe, huru. Aliyemzaa na kumnyonyesha alikuwa upande ule.

"Alipoolewa," Bibi alisema, "bibi wake alimpa lile bakuli. Lilikuwa limeshapata ufa, halifai tena kuwekwa mbele ya wageni."

Ilinichukua muda kuelewa ni bibi yupi. Katika lugha yetu neno ni hilohilo moja. Bibi ni mzaa mama au mzaa baba, na bibi ni mwanamke mwenye nyumba na mwenye watu.

"Wewe ulimjua?" nikauliza.

"Nilimjua vizuri. Alikufa mimi naanza kuvunja ungo. Nilimwuliza siku moja, kwa nini tusilie wali humu? Akaniambia, bakuli hili nimelipakua na kuliosha tangu mikono yangu haijafika mezani. Siku lilipokuwa langu nikasema, halimpelekei mtu chakula tena. Akaliweka juu."

Miaka yote nilidhani liko juu kwa sababu ya fahari.

Kesho yake nilimkuta Shangazi uani, anakuna nazi. Nilitumaini atashangaa. Hakushangaa. Alizidisha kasi ya mkono mpaka akachubuka kidole kwenye meno ya mbuzi, ndipo akasimama.

"Yule nahodha nimemzaa mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka 19. Watu walikuja kuniposa, mambo yakaenda vizuri, halafu mzee mmoja wa kwao akauliza, hawa ni wa nani Pangani? Hawakurudi. Hawakusema kitu, walisema tu si kufu. Unajua maana ya si kufu? Mama alilia wiki nzima. Mimi sikulia. Mimi nilitafuta nahodha."

Nikamwambia kwamba zama hizo zimepita. Akacheka, si kwa furaha. Akanikumbusha kwamba Mfungo Mosi ukiandama, watu wa Mombasa wanaleta posa ya binti yake, binamu yangu tuliyekua pamoja. "Wewe utarudi chuoni na kadi yako. Yeye atabaki na mimi hapa."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijalipata lote. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukweli wa kitu ni umri wake, mahali kilipotengenezwa, mikono iliyokishika. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini ukweli huo ukiwa bado unaweza kumrudisha nyuma msichana aliyevaa hina. Wala sikutaka kuwa miongoni mwa wanaomwona Shangazi mwongo. Alikuwa amekipa chombo chenye ufa ukoo wa kukilinda, na kwa miaka zaidi ya 30 ukoo huo umefanya kazi yake.

Nilikwenda kwa Bibi kuomba ruhusa, nikitumaini kwa sehemu kwamba atakataa.

"Andika," alisema. "Lakini jina lake usiliandike."

"Kwa ajili ya posa?"

"Kwa sababu si lake. Alilopewa na mama yake hatulijui. Hilo la watu usimbandike tena."

Kadi niliyoipeleka ilisema hivi: Bakuli. Udongo uliochomwa na kupakwa rangi. Maastricht, Uholanzi. Lina ufa. Mmiliki wa kwanza kujulikana na familia: mwanamke wa Pangani, ambaye aliliosha miaka mingi kabla halijawa lake. Halijapakuliwa chakula tangu siku hiyo. Mwalimu aliandika pembeni kwamba chanzo cha habari hakikutajwa. Alikuwa sahihi.

Haya ninayoyaandika sasa nimemsomea Bibi kwanza, kisha Shangazi. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akasema nimesahau kutaja kwamba wali wake wa nazi hauna mfano Tanga nzima. Nimetaja.

Watu wa Mombasa walikuja Jumamosi, wanaume wanne na mama mmoja mtu mzima aliyevaa miwani. Walikunywa kahawa kwenye vile vikombe 11. Mazungumzo yalipopoa kidogo, yule mama aliinua macho juu ya kabati.

"Bakuli zuri," alisema. "La kale?"

Nilimtazama Shangazi. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Binamu yangu alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vyake vya miguu. Bibi hakukumbuka kitu jikoni. Alikaa palepale, akaiweka vizuri kanga yake kichwani.

"La bibi yangu," alisema. "Alikuwa Pangani."

Yule mama alilitazama bakuli, kisha akamtazama Bibi kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui.

"Na wangu," akasema, "alikuwa Takaungu." Akaomba aongezewe kahawa.