Pesa ya kisanduku na kivimbe cha titi

Jumamosi iliyopita, baada ya likelemba, tulibishana mpaka giza likaingia. Kisanduku chetu cha msaada kilikuwa na pesa ya kupeleka wanamemba wote, mara moja tu, kupigwa picha ya matiti, ile inayoitwa mamografi. Wengi walisema: twende! Sisi walimu tuliomba kwanza tufanye hesabu.

Mamografi inaona kivimbe ambacho mkono haujakifikia, hilo hatulikatai. OMS inaishauri kila miaka miwili kwa wanawake wa miaka 50 mpaka 69, lakini katika nchi zenye vifaa na waganga wa kufuatilia kila jibu. Watafiti waliokusanya majaribio ya nchi tajiri walikadiria hivi: wanawake 2.000 wakipigwa picha kwa miaka 10, mmoja anaponea kufa, 10 wanatibiwa kansa ambayo isingewasumbua kamwe, na zaidi ya 200 wanapata hofu ya bure. Wataalamu wengine wanaona faida ni kubwa kuliko hiyo. Lakini wengi wetu hatujafika hata miaka 45, na titi la mwanamke kijana mara nyingi linatoka jeupe kwenye picha, kivimbe kinajificha humo.

Kujipima wenyewe ni bure, na tumekuwa tukikufundisha wenzetu kila mwaka. Tulishangaa kusoma kwamba huko Shanghai walifuatwa wanawake zaidi ya 266.000 wa viwandani, na waliofundishwa kujipima hawakupunguza vifo. Walipasuliwa tu zaidi kwa vivimbe visivyo kansa. Mumbai ilikuwa tofauti kidogo. Kule wanawake waliofunzwa walipima wenzao kwa mikono kila miaka miwili, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu 30 kwa 100. Kwa vijana faida haikuonekana.

Ndipo mama mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akamtaja mwalimu wetu wa mwaka wa tatu.

Yule dada hakukosa kugundua. Alishika kivimbe mwenyewe akioga, mwezi wa sita, masomo yakifungwa. Daktari alimwandikia ekografi na biopsi. Ekografi alilipa. Biopsi aliiahirisha: kwanza minervali ya watoto, kisha kodi ya nyumba. Sisi tulijua mwezi wa kumi na mbili, na hata hapo tulimpa maombi na dawa za majani. Alipopimwa, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani na kwenye mifupa. Tulimzika tukivaa kitenge kimoja. Pesa tuliyochanga kwa kilio, pamoja na hicho kitenge, ilizidi bei ya biopsi mara nyingi. Hesabu hiyo hakuna aliyekuwa ameifanya kabla ya Jumamosi.

Basi picha ya wote tumeiacha kwa sasa. Wamama wawili wa zaidi ya miaka 50 hawakuridhika, na hatuwezi kusema wamekosea; jambo lao litarudi kikaoni. Muuguzi atakuja kuwapima kwa mikono. Lakini sehemu kubwa ya kisanduku imefungwa kwa kazi moja: mwenye kivimbe, ngozi inayokunjamana, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, alipiwe vipimo vyote wiki hiyohiyo, bila kungoja zamu ya likelemba.

Jumatatu asubuhi mama mmoja aligonga mlango wa darasa letu, akatuita nje. Alhamisi tulimsindikiza. Tunangoja jibu.