Sikio Hufunzwa kwa Mchezo

Katika nyumba zetu, mzazi akilalamika kuwa "mtoto huyu hasikii", hana maana kwamba masikio ya mtoto yameziba. Anamaanisha kuwa mtoto ni mkaidi. Hata wahenga waliponena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walikuwa wakisema juu ya utiifu. Labda ndiyo sababu wengi wetu hudhani kuwa kusikiliza darasani ni kunyamaza na kumtazama mwalimu. Mimi hufundisha Kiswahili hapa Eldoret, na naweza kushuhudia kwamba mwanafunzi anaweza kunyamaza kipindi kizima cha dakika 40 asiambulie neno.

Kusikiliza ni ujuzi, na ujuzi hufunzwa. Lakini kwa miaka mingi shule zetu ziliuachia ujuzi huu ujitafutie njia. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na hilo lilikuwa jambo la heri. Hata hivyo, mtihani wenyewe ulikuwa wa kalamu. KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho 2023, ilipima lugha na insha. KCSE ina karatasi tatu za Kiswahili, na zote huandikwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeitenga Kusikiliza na Kuzungumza kuwa mada yake yenyewe. Swali linalobaki ni hili: mwalimu mwenye wanafunzi 50 na ushei darasani, bila kinasa sauti, atafundishaje kusikiliza?

Jibu langu ni mchezo, na michezo yenyewe watoto wetu tayari wanaijua. Ni nani aliyekulia Kenya asiyeujua mchezo wa "nyama nyama"? Kiongozi hutaja mnyama. Akiwa wa kuliwa, wote huruka na kuitikia "nyama!" Akisema nyama ya fisi, anayeruka hutoka. Huo ni mtihani kamili wa kusikiliza, tena hausahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Darasani mimi huugeuza kidogo. Nasema, "Rukeni mkisikia jina la ngeli ya KI-VI." Nikitaja kiti, wanaruka. Nikitaja kiongozi, nusu ya darasa huruka na kutoka, kwa kuwa sikio lao limeikamata silabi ya kwanza tu. Nikitaja kiboko, mabishano huanza, maana kuna kiboko wa mtoni na kiboko cha kuchapia. Hapo ndipo ninapotunga sentensi: "Kiboko amelala." "Kiboko kimevunjika." Sasa hawawezi kuruka mpaka wasikie kiambishi cha kitenzi. Sarufi ambayo ubaoni ilikuwa ikiwachosha huwa jambo la kutegea sikio.

Mzazi mmoja alinijia siku moja na kuniambia, "Mwalimu, mimi nimelipa karo mtoto asome, si aruke-ruke." Nikamjibu, "Mzee, anaruka baada ya kufikiri. Asiyefikiri ndiye anayetoka." Alicheka, ingawa sidhani kama aliridhika kabisa.

Katika mji huu lipo jambo jingine linalofanya sikio liwe na uzito. Sikio husikia kile ambacho lugha ya nyumbani imelizoesha. Jina la zamani la Eldoret ni ushahidi. Mji ulipoanza mwaka 1910 uliitwa Sitini na Nne, kwa Kiingereza. Wenyeji wakaipokea namba hiyo kwa masikio yao, wakaiita Sisibo, na jina hilo halijafa.

Leo Eldoret, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, una watoto wa Kikalenjin, Kiluhya, Kikuyu, Kijaluo, Kikisii na wengineo katika chumba kimoja cha darasa. Katika Kikalenjin, sauti p na b hazitofautishi maneno, kwa hivyo "pata" na "bata" huweza kuingia sikioni kama neno moja. Gikuyu haina l kama ya Kiswahili, na ndipo "kula" na "kura" yanapogongana. Dholuo haina sh, na kwa hivyo "shindano" huwa "sindano". Mtoto huyu si mjinga wala si mvivu. Hawezi kuitamka wala kuiandika tofauti ambayo hajaisikia.

Kwa hiyo tunacheza kadi. Kila kundi hukata vipande viwili vya katoni, kimoja huandikwa "pata" na kingine "bata". Mimi hujificha nyuma ya daftari ili wasiisome midomo yangu, natamka, nao huinua kadi. Kisha tunahamia "tamu" na "damu", "kula" na "kura", "shindano" na "sindano". Nimeona mara nyingi kuwa imla huanza kunyooka baada ya sikio kunyooka.

Sharti langu ni moja: hakuna kuchekwa kwa lafudhi. Wasomaji wa hapa wanajua sababu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani katika eneo hili, wakatakiwa vitambulisho ili kabila lao lijulikane. Mji uliopitia hayo hauna haki ya kumfundisha mtoto kuitega lafudhi ya mwenzake kama ushahidi wa kumshtaki. Ndiyo maana huwachanganya wanafunzi wa lugha mbalimbali katika kundi moja. Anayeteleza kwa "bata" humwokoa mwenzake kwa "kura", na kabla ya kengele kulia kila mmoja amekwisha kuteleza na kuinuliwa. Pia tunacheza ule mchezo wa kunong'onezana ujumbe kutoka dawati la mbele hadi la nyuma. Ujumbe hufika umeharibika, nasi hurudi dawati kwa dawati kutafuta ulipopindia. Aghalabu huwa umepindia mahali pengi, si kwa mtu mmoja.

Wazazi nao wana nafasi yao. Mtume mtoto dukani bila karatasi: unga kilo mbili, chumvi, kiberiti na sabuni ya mche. Mfanye ayarudie kabla ya kutoka mlangoni, na kila juma ongeza kitu kimoja. Jioni, taarifa ya habari ikisomwa redioni, kila mtu nyumbani akamate mambo matatu, kisha mlinganishe mliyoyasikia. Mtagundua kuwa baba na mama nao hukosa. Na kitendawili kikitegwa, msikimbilie jibu. Mwacheni mtoto akirudie kwanza neno kwa neno, kwa kuwa ufunguo wa kitendawili umo ndani ya maneno yake.

Zaidi ya yote, mtoto akija kukueleza ya shuleni, zima redio umsikilize mpaka mwisho. Ujuzi huu huanza kufunzwa na yule anayesikilizwa na mtoto kila siku, naye ni wewe.