Fundi wa kodi na bomba la maji

Nimeandika kodi miaka 12, na kodi ninayosema si ile ya serikali, ni ile ya kompyuta. Nilianza Bukavu na PHP: mfumo wa duka la dawa, kisha wa shule mbili. Baadaye Java. Sasa mtu wa kazi yangu akisikia kuna jukwaa ambalo unapanga maswali tu na programu inatoka yenyewe, anacheka. Tuliyaita hayo michezo ya watoto.

Hapa Kakuma maji ndiyo yalinifanya niyaangalie vizuri. Kamati yetu ilitaka kujua bomba lipi limeharibika, tangu lini, na limetengenezwa au bado. Yote yalikuwa kwenye daftari la mama katibu. Kwa njia yangu ya zamani hiyo ni kazi ya wiki tatu, halafu unalipia seva kila mwezi. Unalipa na nini?

Wengi wetu tumeshahojiwa kwa KoboToolbox bila kujua jina lake. Ni yule kijana mwenye simu anayeuliza mko wangapi nyumbani. Imejengwa juu ya ODK, iliyoanza Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani mwaka 2008. Simu inajaza fomu hata pasipo mtandao, na mtandao ukirudi inatuma. Kwa hapa kwetu hiyo peke yake ni nusu ya kazi.

Nikaifungua ndani, maana ndivyo tulivyo sisi mafundi. Nikakuta fomu nzima inaweza kuandikwa kwenye jedwali la Excel. Kila mstari ni swali. Safu moja inasema ni swali la aina gani, nyingine ina maneno yenyewe, nyingine ina sharti: swali la "tangu lini" lisitokee mpaka mtu aseme bomba halitoi maji. Unaongeza safu ya Kisomali, ya Kiturkana, na lugha zimekaa. Yaani sharti lile lile nililoandika mara elfu kwa Java, hapa ni kisanduku kimoja.

Wiki ya pili mama katibu akaniambia, "Mwanangu, lile swali nimelibadilisha." Alikuwa ameongeza jibu: maji yanatoka lakini kidogo. Kweli, bomba la namna hiyo si zima na si bovu, na mimi nisiyepanga foleni saa kumi na moja asubuhi nisingelijua. Kwa Java angenisubiri. Na huku kumsubiri fundi ni hatari, kwa sababu fundi ni mtu wa kuondoka: leo jina lake limetoka, kesho yuko ndege. Nimeona mifumo mizuri kambini ikifa hivyo, nywila kichwani mwa mtu aliyeko Kanada.

Lakini kamati ilipotaka vipuri vihesabiwe pia, Kobo ikagoma. Ni ya kukusanya majibu. Kutoa koki mbili kwenye stoo kila bomba linapotengenezwa si kazi yake. Nikajaribu AppSheet, ambayo Google iliinunua 2020. Hiyo inaweza, tena vizuri, ila kuitumia kikazi inadai malipo kwa kila mtumiaji kila mwezi. Nikaiacha. Nikaandika programu ndogo ya Python, mistari kama 80, inasoma majibu ya Kobo na kupunguza stoo. Kwa hiyo kazi yangu haijafa, imepungua urefu tu. Sina uchungu nayo.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Kuongeza swali sasa ni dakika moja. Mama katibu alitaka jina la anayeripoti, namba ya simu, na watu wangapi nyumbani, "maana inaweza kusaidia baadaye." Zile wiki tatu za zamani zilikuwa na faida moja: ulikuwa na muda wa kujiuliza, hili la nini? Ndugu zangu wa mashirika mnaosoma hapa, mnazijua fomu zenu za maswali 90. Bomba halihitaji jina la mtu. Orodha ya majina na familia iko kwenye seva ya mbali, na kati yetu kuna waliokimbia kwa sababu jina lao lilikuwa kwenye orodha.

Tumebishana jioni mbili. Fomu ina maswali 7 mpaka sasa. La nane mama bado analitaka.